Kutafuta mwelekeo wa maisha kwa wiki 12: daftari, maswali na majaribio ya bei nafuu

Swali la "nifanye nini na maisha yangu" huulizwa sana usiku, mtu amelala chali, simu kifuani. Hapo halijibiki. Kichwani kila kazi ni tamu, kwa sababu kichwani hakuna jua la Kisumu la saa nane mchana wala tope la Njoro la mwezi wa nne. Mwongozo huu unalitoa swali kitandani na kulipeleka mahali linapoweza kupimwa: kwenye matumizi yako ya pesa, kwenye mambo ambayo watu hukuitia, kwenye vibanda vya mafundi, na kwenye majaribio matatu madogo. Muda ni wiki 12. Gharama isizidi shilingi 3,000, nauli ikiwemo. Jaribio likianza kudai zaidi ya hapo, limeshakuwa biashara, na bado hujafika huko.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni mwelekeo

Uchovu hufanana sana na kukosa mwelekeo. Mtu aliyefanya zamu za usiku mwaka mzima bila likizo hawezi kujua anapenda nini, anapenda usingizi. Jipe siku kumi za kulala mapema kabla ya kuandika lolote.

Depresheni nayo hujificha humo humo. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hukuonja raha ya kitu chochote, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, au umewaza kujiua, weka mwongozo huu kando uende hospitali. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wengi bado wanaiita Russia, na ile ya rufaa ya Nakuru, PGH ya zamani, zote zina huduma za afya ya akili. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye leo, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199.

Kisha kuna deni. Anayefukuzwa na programu tatu za mikopo ya simu atachagua chochote kinacholipa Ijumaa, halafu akiite wito. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi gani, lini. Acha kukopa huku ili ulipe kule. Mpigie mwenye deni kubwa umwombe ulipe kidogo kidogo, naye akikubali, mwombe aandike kwa ujumbe. Si lazima deni liishe ndipo uanze, ila lazima liache kukuamulia.

Wiki ya 1 na ya 2: kukusanya ushahidi

Nunua daftari la kawaida la shule. Chora safu nne: saa, nilichofanya, nguvu, aliyeomba. Chini ya "nguvu" weka namba kutoka 1 hadi 5, ukimaanisha jinsi mwili na akili vilivyokuwa baada ya shughuli, wala si wakati wa kuianza. Jaza mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kulala. Ukingoja usiku ndipo ujaze siku nzima, utaandika siku uliyotamani kuwa nayo.

Mistari iwe mikavu namna hii: "Jumanne, saa 3 hadi 5, kupanga mali dukani kwa shangazi, nguvu 2, shangazi. Saa 10 hadi 11, kumjazia jirani fomu ya HELB, ile ya mkopo wa masomo, kwenye simu, nguvu 4, yeye mwenyewe." Usiandike hisia ndefu. Kurasa za hisia husomeka vizuri na hazihesabiki.

Katikati ya wiki ya pili, omba taarifa ya M-Pesa ya miezi 6. Bonyeza *334#, ingia kwenye akaunti yako, chagua taarifa kamili, nayo itatumwa kwa barua pepe. Ondoa kodi, chakula, nauli na karo. Kinachobaki kiangalie mara mbili. Mara ya kwanza, tazama pesa ulizotoa bila kusukumwa na mtu: ulinunua vipuri vya redio, mbegu, kitambaa, bando za kutazama mafunzo ya nini? Mara ya pili, tazama pesa zilizoingia kutoka kwa watu wasio jamaa zako, hata iwe 100 au 150. Hawa walikulipa kwa kitu. Watu hupuuza vijisenti hivi kwa sababu ni vidogo, ilhali ndio ushahidi mzito kuliko wote: mtu asiyekudai undugu alifungua mfuko wake.

Mwisho wa wiki ya pili andika orodha tatu. Ya kwanza, mambo unayoyafanya bila kuitwa. Ya pili, mambo ambayo watu hukuitia. Ya tatu ndiyo yenye kazi: taabu unazoweza kuzivumilia. Kila kazi ina taabu yake isiyoondoka hata mtu akifaulu. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa alfajiri, Krismasi ikiwemo. Muuguzi hukesha. Mwalimu hurudi nyumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mwenye duka huketi mahali pamoja kwa muda wa saa kumi na mbili akitabasamu kwa watu wanaotaka kukopa. Wa boda hunyeshewa. Anayefanya kazi za kompyuta macho humwasha na hana wa kupiga naye gumzo. Soma orodha hiyo uulize: ipi nikiipata kila juma kwa miaka mitano sitamchukia kila anayenikaribia? Ukichagua kazi kwa utamu wake tu, taabu yake itakuja kukufukuza. Ukiichagua pia kwa taabu unayoiweza, utamu utaupata bila kuutafuta.

Sasa linganisha orodha zote tatu. Shughuli yoyote iliyotokea kwenye mbili kati yake iandike kwenye ukurasa mpya. Chagua tatu. Wale wanaotaka kubeba saba hadi mwisho huwa hawajaribu hata moja. Mchagua jembe si mkulima.

Wiki ya 3 na ya 4: kuuliza walio ndani

Kwa kila shughuli tafuta watu watatu: aliyeianza mwaka mmoja hivi uliopita, aliye na miaka mitano au zaidi, na aliyeiacha. Wengi humruka huyo wa mwisho, naye ndiye mwenye habari zaidi. Utampata kwa kumwuliza yule wa miaka mitano: "Mlioanza pamoja wako wapi?"

Chagua saa. Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu, watu wako mbioni na hakuna atakayekusikiliza; nenda Jumatatu au Jumanne alasiri. Dunga, ufuoni mwa ziwa, ngoja samaki wa asubuhi wauzwe kwanza. Soko la Wakulima la Nakuru, alfajiri ni mizigo na makelele, kwa hivyo fika jua likishapanda. Fundi yeyote mwenye mteja mbele yake, kaa pembeni kimya hadi amalize. Kisha: "Habari ya kazi, fundi. Sitafuti kazi, nataka kuielewa kazi. Naweza kukuuliza mambo matano, dakika ishirini tu?" Ukimkuta mtu mzima, ni "mzee" au "mama" hadi akuambie vingine. Agiza chai ya watu wawili. Daftari litoe baada ya kuomba ruhusa, maana anayeandika kimya kimya kwenye kibanda cha watu hudhaniwa askari wa kaunti.

Maswali yenyewe:

– Mwezi uliokuwa mbaya zaidi mwaka jana ulikuwa upi, na ulikuwaje?
– Vifaa vya kwanza ulivitoa wapi?
– Ni nini kinachokuchosha ambacho mteja hakioni?
– Mwanafunzi wako wa mwisho aliyeacha, aliacha kwa nini?
– Nikija kesho asubuhi, ungenipa kazi gani ya kwanza?

Usiulize mtu anapata pesa ngapi. Atakupunguzia akikuogopa au atakuongezea akitaka sifa. Uliza siku ya kawaida huwa na wateja wangapi na kazi moja ya kawaida ni bei gani, halafu fanya hesabu nyumbani: zidisha, toa kodi ya kibanda, leseni ya kaunti, stima, vifaa na siku za mvua. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama kazi inaweza kulisha nyumba au ni ya kuongezea tu. Zote ni halali, mradi ujue umeshika ipi.

Swali la mwisho ndilo mlango wa hatua inayofuata. Fundi akisema "ungeanza kwa kufagia," amekupa nafasi. Mjibu, "Nitakuja Jumamosi, fundi."

Wiki ya 5 hadi ya 10: majaribio matatu

Kila jaribio liwe na siku sita, zisizofuatana, na angalau moja iwe siku mbaya: ya mvua, ya wateja wengi, au ya kukosa mteja kabisa. Siku moja ni matembezi. Siku mbili za kwanza ugeni hukubeba. Kuanzia ya tatu ndipo unaiona kazi yenyewe. Jaribio la kusubiri kitu kiote lianze mapema na liende sambamba na mengine.

Tuseme moja ya shughuli zako ni kutengeneza friji. Kando ya ziwa kazi hiyo haikauki, kwa sababu samaki hawangoji. Siku ya kwanza utashika tochi. Ya pili utapewa brashi ukasafishe vumbi kwenye mabomba membamba ya nyuma. Ya tatu utaona fundi akipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la shaba, akitazama mahali panapotoa mapovu, maana hapo ndipo gesi inapotorokea. Jiangalie wakati huo. Umeinama kutazama kabla hajakuita? Umeuliza kwa nini juu panaganda na chini hapapoi? Au umetazama saa? Hakuna mtihani wa kuandika utakaokueleza hayo vizuri zaidi. Nyumbani andika mistari mitatu: nilichofanya, nilichouliza, nilivyokuwa mwili saa kumi jioni.

Kilimo kina jaribio zuri lisilohitaji shamba. Otesha kitalu cha sukuma wiki kwenye tuta la mita moja kwa mbili, au kwenye makasha ya mbao kama unaishi kwenye ploti za mjini, kama Kaptembwa ya Nakuru au Nyalenda ya Kisumu. Miche huwa tayari kupandikizwa baada ya wiki nne hadi sita. Wanaoanza hukosea mahali pamoja: humwaga mbegu kwa wingi na kumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Miche ikibanana kwenye udongo uliolowa, ukungu huishika shinoni, ikalegea na kulala chini kwa siku moja. Panda kwa mistari, punguza iliyosongamana, mwagilia asubuhi. Halafu iuze. Kuotesha kunapima uvumilivu wako. Kubisha hodi kwa jirani na kumwambia bei kunapima kitu kingine kabisa, na wakulima wengi wazuri wanaangukia hapo.

Kwa ualimu, wasaidie watoto watatu wa jirani kazi ya nyumbani Jumamosi sita, na mmoja awe yule asiyeshika haraka. Mwenye kuvutwa na uuguzi au huduma za jamii aombe kufuatana na mhudumu wa afya wa kijijini anapotembelea nyumba, au ajiunge na kikundi cha kanisa au msikiti kinachotembelea wagonjwa. Kazi za mtandaoni zijaribu kupitia vituo vya Ajira, mpango wa serikali wa kazi za kidijitali, ambavyo viko katika kaunti nyingi. Yeyote anayekutaka ulipe kwanza ndipo akupe "akaunti yenye kazi" mwache. Vivyo hivyo kwa ajenti wa kazi za Ughaibuni: angalia kwanza kama yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla ya kumpa pasipoti au hata shilingi.

Kosa linaloua majaribio kuliko mengine yote ni kununua vifaa mapema. Cherehani mpya haikufanyi fundi. Inakufanya mtu mwenye cherehani na deni, na sasa aibu inakuzuia kuacha hata pale ambapo kuacha ndiko busara. Azima, kodi, au tumia vya fundi. Kosa linalofuata ni kutangaza. Ukiandika kwenye kikundi cha familia kwamba umeingia kwenye kilimo, utapongezwa na watu arobaini, na pongezi hizo hushibisha kana kwamba kazi imefanyika.

Wiki ya 11: kupima

Kila jaribio liulize maswali matatu tu, na kila ndiyo ni alama moja. Je, nilirudi bila kusukumwa, hasa baada ya siku mbaya? Je, siku ya sita niliweza kitu nisichokiweza siku ya kwanza? Je, kuna mtu nje ya familia aliyetaka kunilipa, kuniita tena, au kunipa kazi kubwa kidogo?

Alama tatu au mbili, endelea. Alama moja, badilisha umbo kabla ya kufuta: huenda unapenda kilimo lakini upande wa miche na mauzo, si wa jembe, huenda unapenda afya lakini maabara, si wodi. Sifuri, futa kwa kalamu nzito. Kufuta ni mazao pia. Usiongeze alama ya nne ya "itanipa heshima?", kwa sababu hilo ni swali la majirani.

Wanaouliza "Mungu amenipangia nini?" hawahitaji kuacha kuuliza. Ombea majaribio yote matatu, kisha yafanye yote matatu. Mtu akikutolea unabii unaokutaka uache kazi kesho au utoe sadaka kwanza, upe unabii huo wiki 12 kama mambo mengine.

Nyumbani wakisema nini

Mzazi aliyeuza ng'ombe ulipiwe karo ana haki ya kuuliza, na kumjibu "hii si ndoto yangu" ni kumtukana bila kukusudia. Nenda na karatasi. Chagua wakati ametulia, keti chini, anza kwa shukrani, na uombe muda badala ya ruhusa ya milele: "Baba, nashukuru kwa yote mliyonifanyia. Naomba miezi sita nijifunze kazi ya friji kwa fundi. Hii ndiyo hesabu yake, hii ndiyo siku nitakayokuletea majibu. Mahindi ya nyumbani nitaendelea kusaidia kupalilia." Mzazi huogopa zaidi kitu kisicho na tarehe. Akikataa, mtumie mjomba au shangazi anayemsikiliza. Ndiyo kazi yao.

Kifungua mimba mwenye wadogo wa kusomesha aandike kiasi anachotuma kila mwezi na akitaje wazi kabla ya kuanza. Shilingi 1,500 isiyokosa hupunguza maneno kuliko 5,000 ya miezi miwili na kimya cha minne.

Karatasi zije baada ya kuonja

Utaratibu wa kawaida ni kusoma kwanza, kuonja baadaye. Tunauona una hasara: diploma ya miaka mitatu ni jaribio ghali mno. Ukishaonja, njia zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. KUCCPS, idara ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, huwapanga vyuo vya ufundi pia: kwa kawaida gredi ya C- ya KCSE hufungua diploma, D cheti, na walio chini ya hapo huingia kozi za ufundi stadi. Rift Valley National Polytechnic, zamani Rift Valley Institute of Science and Technology, iko Nakuru, Kisumu kuna Kisumu National Polytechnic, Kakamega kuna Sigalagala, na HELB hukopesha wa vyuo hivyo pia. Kama mikono tayari inajua kazi lakini huna cheti, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa ngazi, kuanzia Grade 3 hadi Grade 1, na wana kituo Kisumu. Nenda na kitambulisho na uulize tarehe za usajili wa mtihani.

Mwenye miaka 45 aliyeachishwa kazi afuate hatua hizi hizi, jioni na wikendi, kwa sharti moja zaidi: malipo ya kuachishwa yasiguswe hadi wiki ya 12 ipite. Pesa hizo zikikaa mkononi bila mpango huvutia washauri, na wote wana wazo la kuku.

Wiki ya 12: sentensi moja

Andika sentensi yenye sehemu nne: ninachofanya, kwa ajili ya nani, hadi lini, na nitakachoonyesha. Mfano: "Hadi Desemba mwaka ujao najifunza na kutengeneza friji za wauza samaki na maduka ya Kisumu, niwe nimefanya Grade 3 na nina wateja kumi wanaonipigia wenyewe." Sentensi isivuke miaka miwili; ile ya maisha yote huandikwa kwa maneno makubwa kisha haitumiki asubuhi. Chini yake andika masharti ya kuacha, ungali mtulivu: "Nitaacha nikikosa kupiga hatua kwa miezi sita mfululizo, au afya ikidhurika." Bila masharti hayo utaacha siku ya kwanza ya kutukanwa na mteja, au hutaacha kamwe.

Ibandike ndani ya mlango wa kabati, mahali unapopaona wewe tu. Kila baada ya miezi mitatu, chukua daftari Jumapili, anza kujaza tena zile safu nne kwa wiki moja, uone namba za nguvu zimepanda au zimeshuka.

Na ikiwa majaribio yote matatu yalipata sifuri, tafuta kibarua cha kukushikilia kinachomalizika saa inayojulikana, hata kama ni mjengo au kuuza duka la mtu, ili jioni zako zibaki zako. Kisha rudi kwenye orodha ya pili, ya mambo ambayo watu hukuitia, uchukue yale uliyoyaruka kwa kuyaona ya kawaida mno.